Ngozi Ilipoanza Kukaza

Pale Nyamisati wengi hawalijui jina langu. Mie ni Mama Rehema tu, yule mchuuzi wa kamba. Kamba wa kuliwa, wale wanaovuliwa kwenye mikono ya mto Rufiji, ndani huko kwenye mikoko. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwapokea dikoni boti zinaposhusha, kuwatoa vichwa, kuwalaza kwenye deli la barafu na kuwapeleka Kibiti kabla jua halijakolea.

Naandika haya kwa ajili ya mtu nisiyemjua. Ni yule aliyeamka asubuhi akataka kukunja ngumi, vidole vikakataa, na kila anayemuuliza anamjibu lake. Mie nilijibiwa mengi. Sasa kidogo nimetulia, na vidole viwili vya mkono wa kulia vinakubali kuandika kwenye simu, basi nieleze nilivyopita.

Ugonjwa ulianza kipupwe, wakati ule asubuhi watu wa kwetu wanatembea na shuka mabegani. Nilikuwa dikoni na mwenzangu Somoe. Sisi tuliuza pamoja tangu watoto wetu wakiwa mgongoni: deli moja, mzani mmoja, mwenye homa mwenzake anamuuzia. Nikazamisha mikono kwenye barafu kama siku zote. Nilipoitoa, Somoe akaacha kupanga kamba.

“Mwenzangu, vidole vyako vina nini?”

Nikatazama. Kuanzia katikati mpaka kwenye kucha vilikuwa vimepauka, vyeupe kama muhogo uliomenywa, na ganzi tupu. Somoe akavishika, akavipulizia pumzi, akavifikicha kwa kanga yake. Vikageuka rangi ya zambarau, kisha damu ikarudi na maumivu yake, kama mtu anayechomwa kwa sindano za moto. Tukacheka. Tulisema ni uzee unabisha hodi, na mie nilikuwa na miaka arobaini na kitu tu.

Kipupwe kikaisha, vidole havikurudi vilivyokuwa. Vilivimba. Asubuhi nilikuwa nashindwa kufunga vifungo vya blauzi, ikifika mchana vinalegea kidogo. Kituo cha afya nikaambiwa ni baridi yabisi, nikapewa dawa za maumivu. Zilituliza maumivu, lakini jambo lenyewe liliendelea na safari yake. Uvimbe ulipopungua ndipo nikaona kilichokuwa chini yake: ngozi imekaza. Ukitaka kuifinya nyuma ya kiganja haifinyiki, imeganda juu ya mfupa, inang'aa kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa. Pete yangu ya ndoa ilikatwa kwa msumeno mdogo wa mume wangu, Baba Rehema, ambaye ni fundi wa mashine za boti. Alikata polepole sana, ulimi nje, kama anashughulikia jicho la mtoto.

Ule ukazo ukapanda. Mikono, kisha kifua, kisha uso. Mistari ya kwenye paji la uso ikafutika. Watu wakaanza kuniambia, “Mama Rehema, unazidi kuwa kijana.” Mdomo nao ukaanza kufunga. Nilikuwa natafuna kipande cha mhogo kama watu, sasa naukata vipande kama vya kumlisha kifaranga. Kifuani na shingoni rangi ikatoka kwa vidoa vidogo vidogo, nyeupe juu ya nyeusi, kama manyoya ya kanga, yule ndege.

Vidoa hivyo ndivyo vilivyofungua midomo ya watu. Dikoni nilisikia neno ukoma. Hakuna aliyenitamkia usoni, ila wateja walianza kusema, “Niwekee pembeni, nitarudi,” na hawarudi. Mwenyewe nilikwenda Kibiti kupima. Tabibu mmoja kijana alinifumba macho, akawa ananigusa kwa pamba.

“Unahisi?”

“Nahisi.”

“Na hapa?”

“Nahisi.”

Kila alipogusa nilihisi. Akanifumbua macho, akasema, “Mama, huu si ukoma. Mgonjwa wa ukoma kwenye doa hahisi. Lakini sijui ni nini, na sitaki kukudanganya.” Akaniandikia rufaa ya Dar es Salaam. Nilimshukuru kuliko wote walionipa majina ya kubahatisha.

Ile rufaa haikutumika mara moja. Ilikuwa lazima ipite kwanza kwa mama mkwe.

Mama yake Baba Rehema anaishi Mahege, ana mikorosho yake na shamba la mpunga bondeni. Ni mwanamke wa maneno machache, na mie alinipenda tangu nilipoolewa. Hili nalisema mapema ili asije msomaji akamchukia. Aliponiona mdomo wangu ulivyokuwa, alilia. Kisha akafuta machozi, akatuma mtu amlete mganga.

Tulikaa uani. Mganga alinitazama mikono bila kunigusa. Akauliza nafanya kazi gani, akaambiwa. Akauliza nafanya na nani, akaambiwa. Baada ya mambo yake akasema, “Anayekukaza mikono mnashika naye kitu kimoja cha baridi.”

Hakutaja jina. Halikuhitaji kutajwa. Kila mtu pale uani alijua ni nani ninayeshika naye barafu.

Nikasema, “Mama, Somoe hawezi.”

“Mwanangu, mchawi hana pembe.”

“Somoe ndiye aliyevipulizia vidole hivi vilipokufa ganzi.”

Mama mkwe akanitazama kwa huruma. “Ndiyo hivyo,” akasema. “Kavipulizia.”

Ukiwa umeshashukiwa, hata wema wako unageuzwa ushahidi. Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachokonoa grisi iliyoganda chini ya kucha. Yule ni mama yake, mie ni mkewe, na yeye alikuwa kama gogo lililokwama katikati ya maji mawili. Akasema tu, “Tutaona, Mama.”

Habari zikafika Nyamisati kabla yangu. Mama mkwe hakuzitangaza kwa ubaya. Alikwenda dikoni kumuonya Somoe, na kumuonya mtu mbele za watu ni kumtangaza. Alimwambia, “Mwanamke, mwachie mwanangu mikono yake.” Wale wanawake wote na ndoo zao wakasikia. Toka siku hiyo mzani wa Somoe ukawa hausogelewi. Wavuvi waliokuwa wakimtengea kamba wakawa hawamtengei. Mtu mmoja alimmwagia majivu mlangoni.

Nilikwenda kwake. Nilikuta amekaa ndani, mlango nusu.

“Mwenzangu, mie sijasema neno lile,” nikamwambia.

“Najua.”

“Na siliamini.”

“Najua, Mama Rehema. Lakini ukija kwangu watasema nimekuita. Usipokuja watasema unaniogopa. Nenda kajitibu. Ukipona watasema nimekuachia, na usipopona nitahama.” Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu maji kujaa na kupwa.

Nilirudi nyumbani nikapanda ule mteremko mdogo wa kutoka dikoni kuelekea barabarani, ule ambao nilizoea kuupanda na deli kichwani. Nikasimama mara mbili. Pumzi ilikuwa haishuki. Ilikuwa inagonga juu ya kifua na kurudi, kama mtu anayevuta maji kwa kamba fupi. Baba Rehema alinikuta nimeshika mti. Alinikalisha kwenye baiskeli, akaikokota mpaka nyumbani, na alipofika akasema, “Kesho tunakwenda Dar. Mama nitamwambia mwenyewe.”

Rehema ameolewa Mbagala, na chumba chake cha nyuma kikawa nyumba yangu ya pili. Hospitalini tulifika na giza la alfajiri, na tulikuta benchi limejaa. Nilikuja kulijua benchi lile. Ni la mbao, limelainika kwa makalio ya watu. Mahali pazuri ni mwisho wa ukuta, mbali na kiyoyozi, maana kiyoyozi kwangu ni barafu nyingine. Wagonjwa wa zamani huwatambua wageni kwa namna wanavyoinuka kila mlango unapofunguka. Wazoefu hawainuki. Wanasubiri jina.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, sauti ya chini. Alinishika mikono kabla hajaniuliza jina. Akaifinya ngozi vidoleni, mikononi, kifuani, mashavuni. Akaniambia nifungue mdomo, ukafunguka upana wa vidole vyake viwili. Akaziangalia kucha zangu kwa kioo cha kukuzia. Akanituma kupuliza kwenye mashine ya kupima pumzi, na kulala ndani ya ule mtambo wa duara unaopiga picha ya kifua. Tuliporudi na majibu, siku nyingine, alisema jina: skleroderma.

Nilimwambia anirudie. Akanirudia. Rehema akaliandika kwenye simu.

Sitajaza ukurasa huu kwa mambo ya kidaktari, sina elimu hiyo. Ila maneno yake ya siku ile nitayaweka, maana yalinisaidia kulala. Alisema mwilini kuna seli zinaitwa fibroblasti. Ukikatwa na kisu, hizo ndizo zinazoshona kidonda, zinatengeneza nyuzi za kushikiza nyama, na kovu likishafunga zinaacha. Zangu hazijaacha. Zinashona mahali pasipo na kidonda.

“Zote?” nikauliza.

“Hapana. Na hizo si za namna moja. Kuna za ngozi ya juu, za ngozi ya chini, za mapafu, za moyo. Hata ndani ya ngozi moja kuna zenye kazi ya kushona, na kuna nyingine kazi yake kutuliza, na nyingine zimekaa tu kushikilia umbo. Zamani tulizihesabu zote kuwa kitu kimoja. Siku hizi watafiti wanazitenganisha, ipi ni ipi, ipi ndiyo inayokorofisha. Ndiyo maana mgonjwa mmoja anakaza vidole basi, mwingine ngozi ni nzima lakini mapafu ndiyo yenye makovu.” Akamgeukia Rehema, ambaye sikio lake moja lina kovu lililotuna tangu alipotobolewa utotoni. “Hata hilo la sikioni, ni seli za ukoo huohuo, ila tabia nyingine na ugonjwa mwingine. Usiogope, haligeuki kuwa huu wa mama.”

Rehema akalishika sikio lake na kucheka kwa aibu.

“Na mimi zangu kwa nini zimekorofika?”

“Kinga ya mwili ndiyo inayozichochea. Kwa nini ikaanza, kwa wengi hatujui.”

Nikavuta pumzi yangu fupi. “Daktari, mtu anaweza kumtupia mwenzake?”

Hakucheka. Nadhani alikwisha kuulizwa na wengi. “Hakuna mtu aliyekupa huu ugonjwa, mama. Hauambukizi, na hakuna aliyekufanyia. Barafu nayo haikuuleta. Ilikuonyesha tu kwamba umeshaanza.”

Akasema mapafu yameanza kuingiliwa chini, pande zote mbili, na hapo ndipo penye haraka. Ngozi unaweza kuishi nayo, pumzi huna ya akiba. Tungeanza dripu, moja kila mwezi, kuituliza hiyo kinga. Aliniambia ukweli kwamba lengo ni kuuzuia usiendelee. Kilichokwisha kushonwa huenda kisifumuke.

Dripu ya kwanza niliingia vuli ikinyesha. Chumba kina viti vya kuegemea, kila mtu na chupa yake juu. Tatizo langu lilikuwa mshipa, ngozi ngumu sindano haipiti. Muuguzi mmoja, kaka mwenye mikono mikubwa, alinipa chupa ya soda iliyojazwa maji ya moto, akaniambia niikumbatie. Alikwenda kuwahudumia wengine, akarudi, akaniambia, “Sasa umeiva,” akapata mshipa kwa mara moja. Tangu siku hiyo nilikuwa naomba Mungu nikute zamu yake. Wakati mwingine nilijaliwa, wakati mwingine nilichomwa mpaka nikakoma.

Ukipewa dawa ile, kunywa maji mengi, na usione uvivu kwenda kukojoa. Kichefuchefu changu kilikuwa kinakuja jioni ya pili, si siku yenyewe, kwa hiyo usijisifu mapema. Nywele zilipungua, hazikuisha. Hedhi ilikata na haikurudi. Daktari alikuwa ameniuliza kabla kama bado nataka kuzaa, nikasema hapana, nimeshazaa. Lakini ilipokata kweli, nilikaa msalani nikalia, na sikumwambia mtu mpaka leo ninapoandika.

Nyumbani tulijifunza upya. Kitanda upande wa kichwani kiliinuliwa kwa matofali, kwa sababu chakula kilikuwa kinapanda kooni. Baba Rehema alijifunza kunifunga kanga, mwanzo akinifunga kama anafunga gunia, baadaye vizuri. Alinipondea wali na mchuzi mpaka ukawa laini. Alikuwa ananiogesha. Kuna aibu katika kuogeshwa na mume ambayo sikuitarajia baada ya miaka yote ile. Yeye aliimaliza kwa kunisimulia umbea wa mafundi wenzake kila alipochota maji, nami nikawa nasubiri kuoga ili nisikie umbea.

Ila kila nilipokuwa Nyamisati, mlango wa Somoe ulikuwa nusu. Nilikuwa nimemueleza mama mkwe maneno ya daktari. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, “Daktari anajua cha hospitali.” Mume wangu alimwambia, akajibiwa hivyohivyo. Basi ilipofika dripu ya tatu, kiangazi kimekaza na Mahege hakuna kazi ya shamba, nikamwambia, “Mama, safari hii nisindikize wewe.”

“Mimi nikafanye nini Dar?”

“Unishike mkono. Na kama kuna la kumuuliza daktari, umuulize mwenyewe.”

Alikuja na baibui lake la Idi na mfuko wa korosho za kumpa daktari. Tukakaa kwenye benchi, mwisho wa ukuta. Muda ukapita. Akaja mwanamke mmoja kukaa mbele yetu, mrefu kidogo kuliko mie, amevaa glavu za sufu katika joto lile la Dar. Alipoketi akavua kitambaa cha shingoni.

Mama mkwe akanikamata goti.

Yule mwanamke alikuwa na uso wangu. Sisemi tulifanana kwa kuzaliwa. Pua imechongoka, midomo imekonda na kuzungukwa na mikunjo kama mfuko uliovutwa uzi, paji la uso halina mstari, na kwenye shingo vilevile vidoa vya ndege kanga. Alipovua glavu, vidole vilikuwa vimejikunja kama vyangu. Ungesema ni dada yangu aliyezaliwa mahali nisipopajua.

Mama mkwe alimtazama mpaka nikaona haya. Kisha akasogea mbele.

“Hujambo, mwanangu?”

“Sijambo. Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Samahani nikuulize. Wewe unauza kamba?”

Yule mwanamke hakuelewa. “Kamba za kufungia?”

“Kamba wa baharini. Wa kuliwa.”

“Ah, hapana, mama. Mimi natoka Njombe. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Hao kamba sijawahi hata kuwala.”

“Unashika barafu?”

“Barafu Njombe ya nini, mama? Baridi yake yatosha.” Akacheka kwa ule mdomo mdogo, mkono ukiufunika, kama ninavyofanya mie.

Mama mkwe akaitazama ile mikono iliyojikunja. Akauliza kwa sauti ya chini, “Nani kakufanya hivi?”

Mwalimu akaacha kucheka. Akanitazama mimi, akaitazama mikono yangu, nadhani akaelewa kila kitu. “Na kwetu waliuliza hivyo,” akasema. “Walimtaja dada yangu, tuliyegombania shamba. Akaondoka kijijini. Mpaka leo hatujui alipo. Sasa naambiwa ni ugonjwa, una jina, una dawa. Yeye hajui kama tumeshajua.”

Mama mkwe hakumuuliza daktari lolote siku ile. Alimpa korosho zake, akashukuru, akakaa pembeni ya kiti changu cha dripu ameushika mkono wangu usio na sindano. Njiani kurudi, tulipopita Mkuranga, nikadhani amelala. Akasema bila kufumbua macho, “Yule mtoto wa Njombe hata hajui Rufiji iko wapi.”

“Hajui, Mama.”

“Na uso ni uleule.”

“Uleule.”

Hakushuka Kibiti kuelekea kwake Mahege. Alikuja nami mpaka Nyamisati, na kabla hajavua baibui akasema nimpeleke kwa Somoe. Alibisha hodi mwenyewe. Somoe alitoka akasimama mlangoni, hakutukaribisha, na sikumlaumu.

“Mwanangu,” mama mkwe akasema, “nilikudhania, na nilikosea. Nimeuona ugonjwa huu kwa mtu asiyekujua wala wewe humjui. Nimekuja uniwie radhi.”

Somoe akaegemea mlango. Kuku alipita katikati yao.

“Nimekusikia, mama yangu,” akasema. “Na mimi kwangu yameisha. Lakini ulisema dikoni. Watu wa dikoni hawapo hapa.”

Nilidhani mama mkwe atakasirika. Ni mtu mzima, amekuja kwa miguu yake, ameomba radhi kwa mtu mdogo kwake kwa umri. Akatazama chini, akarekebisha mtandio.

“Boti zinashusha saa ngapi?” akauliza.

Alilala kwangu. Asubuhi alishuka dikoni akiwa na fimbo yake, mie nyuma yake, na nyuma yangu Baba Rehema. Wanawake walikuwa wamejaa na ndoo, kamba wanamiminwa. Hakupaza sauti, yule mama hajui kupaza sauti, lakini alisimama pale mpaka wakanyamaza wenyewe. Akasema, “Nilisema hapa kwamba Somoe kamfunga mwanangu mikono. Nilisema uongo bila kujua. Ni maradhi kama maradhi mengine, nimeyaona Dar kwa macho yangu. Mwenye kuendelea kulisema neno lile, sasa ni lake, si langu.” Kisha akainama, akashika deli la Somoe upande mmoja, Somoe akashika mwingine, wakalipeleka kwenye mzani.

Sitasema kila mtu alirudi. Wako wanaopita mbali mpaka leo. Lakini wavuvi wakaanza tena kumtengea, na mlango wake ukawa wazi.

Dripu zilizobaki niliziingia kwa moyo mwingine. Moja ilichelewa, masika ilipoikata barabara ya Nyamisati na gari likazama tope mpaka kwenye vioo vya taa. Tulilala kwa watu wasiotujua, wakatupa ugali na dagaa, wakaniwekea mkaa karibu na miguu walipoona natetemeka. Ramadhani ilinikuta katikati ya dawa na daktari akanikataza kufunga. Hilo liliniuma kuliko sindano. Mama mkwe alinipikia uji wa mchana yeye mwenyewe akiwa amefunga, akanikalia mpaka nimalize bakuli, akasema, “Kula. Saumu yako nitakuombea, lakini siwezi kula kwa niaba yako.”

Sasa nipo kwenye vidonge. Mikono juu ya kiwiko imelainika kiasi, ukiifinya inashikika. Vidole vimebaki vimejikunja, na sitegemei vitanyooka. Mazoezi ya mdomo nafanya mbele ya kioo, napiga miayo ya uongo mpaka ya kweli inakuja. Barafu siigusi. Somoe anashika kamba, mie nashika mzani kwa maneno: nabishana na wachuuzi wa Kibiti, na hilo halihitaji vidole. Naswali nimekaa kwenye kiti, na nilipoacha kujilaumu kwa hilo, swala ikawa tamu tena.

Kama wewe ndiye niliyekuandikia, basi: ukiona vidole vinapauka kwa baridi na ngozi inaanza kukaza, usingoje mpaka pumzi ipande mteremko kwa tabu. Vaa soksi, tembea na chupa ya maji ya moto, na omba rufaa. Huenda wa kwako ukaishia vidoleni, huenda ukawa wa namna nyingine kabisa na wangu. Na akitajwa mtu, muulize aliyemtaja kama ameliona benchi lile la hospitali.

Juzi nilikwenda kupuliza tena kwenye ile mashine ya pumzi. Baba Rehema alinisindikiza, akasimama nje na kofia yake mkononi. Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Daktari akalinganisha karatasi ya zamani na mpya, akaniambia mapafu yako palepale yalipokuwa kabla ya masika. Hayajarudi nyuma, hayajasonga mbele.

Nilipotoka mume wangu akanipokea mkoba.

“Wamesemaje? Umepona?”

“Sijapona. Umesimama.”

“Hauondoki?”

“Kasema hauondoki. Umesimama tu.”

Akafikiri. Tukatembea mpaka kwenye ngazi, tukashuka polepole, yeye ngazi moja mbele yangu ili nikiteleza nimwangukie.

“Basi,” akasema, “mgeni siku mbili. Huyu kashakaa miaka. Tumpe jembe akalime na sisi.”

Nilicheka mpaka mdomo ukauma kwenye pembe, watu wakageuka kutazama, nami sikuuziba kwa mkono.